Waya wa kuchomoa: namna ya kuoanisha kifaa, waya, plagi na fyuzi

Karibu kila nyumba ina droo au mfuko uliojaa nyaya zisizo na mwenyewe: waya wa kompyuta iliyokufa, wa redio iliyouzwa, wa printa iliyoachwa na mpangaji. Siku waya wa jiko la presha la umeme unapopotea, mtu anaingiza mkono mfukoni, anajaribu mmoja mmoja, na ule unaoingia ndio unaopikia maharage siku hiyo. Jiko linawaka, kwa hiyo hakuna anayeuliza zaidi. Lakini waya kuingia kwenye kifaa si ushahidi kwamba unaweza kubeba mzigo wake.

Ninapoandika waya wa kuchomoa nina maana ya ule unaotoka pande zote mbili: una plagi upande wa ukutani na kichwa jike upande wa kifaa. Kanuni za umeme zinauhesabu kuwa sehemu ya kifaa, hauhesabiwi kuwa sehemu ya nyumba. Shika hilo tu, na masharti mengi yatakayofuata utaweza kuyakisia mwenyewe kabla hujayasoma. Nimewalenga zaidi wanaotumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu bapa, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Omani na Falme za Kiarabu. Walioko Kongo, Rwanda na Burundi wana plagi za pini za mviringo, nao nitawagusa kwenye fyuzi.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha kifaa

Geuza kifaa, tafuta kibandiko nyuma au chini. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni volti. Kifaa kilichoandikwa 100–240V kinakubali umeme wa kwetu. Kilichoandikwa 120V peke yake kimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, na hakuna waya utakaokiokoa. Hicho kinataka transfoma.

La pili ni ampea, yaani kiasi cha umeme kinachovuta. Kama kimeandikwa wati tu, gawanya kwa 230. Jiko la presha la wati 1000 linavuta ampea 4.3 hivi. Birika la wati 2200 linavuta karibu 9.6. Adapta ya kompyuta mpakato mara nyingi haifiki ampea 2. Kenya na Uganda umeme ni volti 240, lakini tofauti hiyo haitabadilisha uchaguzi wako wa waya.

La tatu ni alama ya mraba ndani ya mraba. Ukiiona, kifaa kina tabaka mbili za kukinga umeme na hakihitaji waya wa ethi, yaani ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Usipoiona, chukulia kwamba ethi ni lazima, hasa kama kifaa kina ganda la chuma.

Hatua ya 2: Tazama mdomo wa kifaa

Mdomo ni lile tundu ambamo kichwa cha waya kinaingia. Maumbo yake hayakubuniwa kwa urembo. Yamewekwa na kiwango cha kimataifa cha IEC 60320, na kila umbo linaeleza mambo mawili: ampea ngapi na joto kiasi gani. Majina ya vichwa vya waya yanaanza na herufi C, na namba za vichwa huwa witiri; mdomo unaopokea kichwa hicho hupewa namba inayofuata. Kichwa C13 kinaingia kwenye mdomo C14, C15 kwenye C16.

C7 ni kile kichwa kidogo chenye umbo la namba nane. Kinabeba ampea 2.5, hakina ethi, na utakikuta kwenye redio, runinga na printa ndogo. C5 kina matundu matatu na umbo la nundu tatu, nacho ni cha ampea 2.5 lakini kina ethi. Ni cha adapta za kompyuta mpakato. Hivi viwili havina utata, kwa sababu haviingiliani na vingine.

Utata uko kwenye C13 na C15. Vyote ni vya ampea 10, vyote vina matundu matatu, na kwa mtu mwenye haraka vinafanana kabisa. C13 ndicho cha kompyuta ya mezani, skrini, UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) na vifaa vingi vya ofisini, nacho kimeruhusiwa kwenye mdomo ambao pini zake hazizidi nyuzijoto 70. C15 ni cha vifaa vinavyochemka, kama mabirika ya mtindo wa zamani yenye waya wa kuchomoa, nacho kinavumilia nyuzijoto 120. Ili watu wasivichanganye, mdomo wa kifaa cha moto umewekewa kigongo kidogo, na kichwa C15 kina mfereji wa kupitisha kigongo hicho. Kichwa C13 hakina mfereji, kwa hiyo kinagoma.

Sasa njoo mtaani. Mtu anachukua kisu, anachonga mfereji kwenye C13, kinaingia, anafurahi. Alichokifanya ni kuondoa ulinzi pekee uliokuwepo. Plastiki ya kile kichwa ikizidi joto lake inalainika, vibati vya ndani vinavyobana pini vinalegea, mguso unakuwa hafifu, na mguso hafifu unazaa joto jingine juu ya lile la birika. Baada ya muda utaona rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, halafu harufu. Ukiona kichwa kilichochongwa nyumbani kwako, hata kama kinafanya kazi, kitoe.

Kinyume chake hakina shida: waya wa birika, C15, unaweza kutumika kwenye kompyuta bila wasiwasi wowote.

Majiko mengi ya wali na ya presha yana mdomo C14, usio na kigongo. Mtengenezaji ameuweka mbali na sahani ya moto, kwa hiyo C13 inatosha kwa joto. Swali linalobaki hapo ni unene wa waya, na ndiko tunakokwenda.

Kuna pia C19, kichwa kikubwa cha mstatili cha ampea 16, cha seva na UPS kubwa. Ukikiunganisha na plagi ya Kiingereza, plagi inabaki kuwa ya ampea 13 na hiyo ndiyo inayokuwa kikomo.

Hatua ya 3: Soma ganda la waya

Waya wa maana una maandishi mwilini. Yanaweza kuwa yamechapwa kwa wino au kukandamizwa kwenye plastiki, kwa hiyo washa tochi ya simu na uyalaze kwenye mwanga. Utakuta kitu kama H05VV-F 3G0.75. Hapo 05 ni daraja la volti, 300/500. V mbili zinaeleza kwamba ndani na nje ni plastiki ya PVC. F ni waya unaonyumbulika. 3G ni nyuzi tatu, moja wapo ya ethi. Ingekuwa 2X zingekuwa mbili tu bila ethi. Na 0.75 ndiyo namba unayoihitaji kuliko zote: milimita za mraba za shaba ndani ya kila uzi.

Uwezo wake uko hivi:

- 0.5: ampea 3
- 0.75: ampea 6
- 1.0: ampea 10
- 1.25: ampea 13
- 1.5: ampea 16

Rudi kwenye mahesabu ya hatua ya kwanza. Jiko la ampea 4.3 linakaa vizuri kwenye 0.75. Birika la 9.6 halikai, linataka 1.0 au zaidi. Na hapa ndipo droo ya nyaya inapokuwa hatari, kwa kuwa nyaya nyingi za skrini na kompyuta zenye kichwa C13 ni 0.75, ingawa kichwa chenyewe kimeandikwa 10A. Kichwa kinasema 10, waya unasema 6. Mwenye neno la mwisho ni yule mdogo.

Unene wa ganda usikudanganye. Waya wa bei poa unaweza kuwa na plastiki ya kutosha kufunga mbuzi na ndani uwe na nyuzi chache kama nywele. Nyingine hazina shaba halisi: ni alumini, au hata chuma, kilichopakwa shaba juu. Kwa waya uliokwisha kukatwa, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibadilika kuwa mweupe ndani, huo si wa shaba. Sumaku ikiunasa, ni chuma. Waya mzima usiokatwa hauwezi kuufanyia hivyo, basi pima kwa mkono: waya wa shaba una uzito, na ule mwepesi wa ajabu una sababu ya kuwa mwepesi. Waya usio na maandishi yoyote mwilini mimi siununui, hata muuzaji aape vipi. Kwenye plagi tafuta namba BS 1363, kiwango cha plagi ya Kiingereza, na kwenye kifungashio alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Mzigo unaotoka Marekani nao una lake. Kompyuta na skrini za mitumba huja na waya ulioandikwa 18 AWG (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), 125V. Kwa unene hauko mbali na 0.75, ila plagi yake imethibitishwa kwa volti 125 tu, nasi tuna 230. Kuupachika kwenye adapta ya soko si suluhisho. Uzuri wa waya wa kuchomoa ndio huu: unautupa na kununua wenye plagi ya hapa, na kifaa chenyewe hakiguswi.

Hatua ya 4: Fungua plagi, tazama fyuzi

Plagi ya Kiingereza iliwekewa kiwango mwaka 1947, na tofauti na plagi nyingi za dunia, ina fyuzi ndani. Sababu yake iko ukutani. Breka inayolinda soketi za nyumba ya mtindo huo inaweza kuwa ya ampea 32. Waya wa ampea 3 ukipata hitilafu kidogo kidogo, ile breka haitajua kitu. Waya utayeyuka kwanza. Kwa hiyo kila plagi hubeba mlinzi wake, na mlinzi huyo kazi yake ni kulinda waya. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda runinga.

Kwa hiyo fyuzi hufuata waya. Nyaya za C5 na C7 ziwekewe ya ampea 3, ambayo huwa nyekundu. Waya wa C13 wenye unene wa 0.75 uwekewe ya 5. Wa 1.0 uwekewe ya 10 kama utaipata. Madukani ni adimu, na ikikosekana ya 13, ya kahawia, inakubalika ilimradi kifaa chenyewe hakizidi ampea 10. Wa 1.25 na 1.5 ni wa 13.

Ukweli ni kwamba plagi nyingi utakazofungua zina 13, iwe kwa redio au kwa pasi, kwa sababu dukani 13 ndiyo iliyopo. Si kosa la kuunguza nyumba kesho asubuhi, lakini jua kwamba fyuzi ya 13 haikatiki ikifika 13. Inaweza kubeba ampea 20 kwa muda mrefu bila kukatika, na waya wa ampea 6 ukibebeshwa 20 hautasubiri. Fyuzi za 3 na 5 ni bei ndogo. Nunua chache ziwepo nyumbani.

Karatasi ya sigara, msumari au uzi wa waya mahali pa fyuzi ni kitu ambacho hakina mjadala. Toa leo.

Kwa plagi za pini za mviringo za Kongo, Rwanda na Burundi, ndani hamna fyuzi. Mlinzi pekee ni breka ya kwenye boksi, kwa kawaida 16. Maana yake waya mwembamba huko una ulinzi mdogo zaidi, na unene unapaswa kuwa mkubwa tangu mwanzo. Msafiri wa Bujumbura anayefika Kigoma na jiko lake abadilishe waya mzima.

Na lipo la kalamu. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi yetu kwa sababu matundu ya chini yana vizuizi vinavyofunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia. Basi mtu anasukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, pini mbili zinazama. Wengine hufundisha watoto mbinu hii kana kwamba ni ujanja. Pini hizo za mviringo hazibanwi sawasawa na soketi yetu, zinacheza na kuzalisha cheche, fyuzi haipo, ethi haipo, na mtoto amejifunza kuingiza vitu kwenye soketi.

Ukikosa ethi kwenye kompyuta ya mezani utaijua kwa ngozi. Ukigusa ganda lake la chuma linakung'ata kidogo, linatekenya. Ndani ya kifaa kuna vichujio vinavyomwaga umeme mdogo sana kwenye ethi. Ethi ikiwa haipo, umeme huo unakaa kwenye ganda ukikusubiri wewe. Kifaa chenyewe hakijaharibika. Kagua waya kwanza, kisha soketi, na kama soketi zote za chumba ziko hivyo, mwite fundi aangalie ethi ya nyumba.

Hatua ya 5: Chomeka kwa mpangilio

Kifaa kwanza, ukuta baadaye, swichi mwisho. Wakati wa kutoa ni kinyume: zima swichi, toa plagi ukutani, halafu kichwa kwenye kifaa.

Ukianza na ukuta, kile kichwa jike kinachoning'inia kina moto ndani yake. Kikidondokea maji ya jikoni, au mtoto anayetambaa akikitia mdomoni, hakuna kitu kati yake na volti 230. Kwa hiyo usiache kamwe waya umechomekwa ukutani huku upande wa pili hauna kifaa.

Sukuma kichwa mpaka kigote. Kichwa kilichoingia nusu ndicho kinachoungua. Baada ya nusu saa ya kazi, zima, toa, na ushike: uvuguvugu si neno, lakini kama hushiki kwa raha, kuna kosa katika mojawapo ya hatua zilizopita. Na usivute waya, shika kichwa.

Hatua ya 6: Pasipo pa waya huu

Mafundi wa kwetu wengi wamesomea kanuni za Uingereza, BS 7671, lakini katika jambo hili napenda zaidi uandishi wa Wamarekani. Kanuni yao ya taifa, inayotolewa upya kila baada ya miaka 3 na NFPA, taasisi yao ya kuzuia moto, ina kifungu 400.12 kinachoorodhesha waziwazi matumizi yasiyoruhusiwa ya waya unaonyumbulika: usitumike badala ya nyaya za kudumu za nyumba, usipitishwe kwenye tundu la ukuta, dari au sakafu, usipite mlangoni wala dirishani, usibanwe kwenye ukuta, usifichwe nyuma ya ukuta au juu ya dari, na usiwekwe mahali unapoweza kujeruhiwa. Sisi hatufungwi na kanuni hiyo, lakini sababu zake ni zile zile Dar es Salaam na Chicago: waya laini hauna kinga dhidi ya panya, msumari na bawaba ya mlango, na ukifichwa hakuna atakayeona unavyoharibika.

Kesi inayovunja kanuni hiyo kuliko zote kwetu ni runinga ya ukutani. Mwenye nyumba anataka isionekane waya, fundi anachimba mfereji, analaza ule waya mwembamba bapa wa C7, anapiga plasta na rangi. Inapendeza. Njia sahihi ni kuvuta waya wa kudumu ndani ya bomba na kuweka soketi nyuma ya runinga, kwenye urefu wake. Waya wa kuchomoa unabaki mfupi hapo nyuma. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Chini ya zulia hapana. Kuukunja bunda na kuufunga kwa rababendi huku birika linachemka hapana, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Na jiko au birika lichomekwe ukutani moja kwa moja, lisichomekwe kwenye ekstensheni ambayo tayari imebeba friji.

Waya wa dume kwa dume

Huu sitauwekea hatua, kwa sababu hauna namna salama ya kuutumia. Ni waya wenye plagi pande zote mbili, unaotengenezwa mtaani ili kupeleka umeme wa jenereta ndani ya nyumba kupitia soketi. Ukichomoa upande mmoja, pini zilizobaki wazi mkononi mwako zina moto. Na kama meni swichi haikuzimwa, umeme wa jenereta unatoka nyumbani, unapanda kwenye transfoma kinyumenyume na kwenda kumkuta fundi wa shirika la umeme aliyeko juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Jenereta inataka swichi ya kubadilisha njia, iliyofungwa na fundi, inayohakikisha kwamba njia moja ikifunguka nyingine imefungwa.

Waya ukiharibika

Hausukwi na kuviringishwa tepu nyeusi. Kiungo cha katikati kinapunguza nguvu, kinapata joto, na tepu hulegea. Waya wa kuchomoa ni kitu cha kubadilisha, na ndiyo faida yake juu ya ule uliofungwa ndani ya kifaa.

Kama kilichoharibika ni plagi tu na waya ni mzima, unaweza kufunga plagi mpya: kahawia kwenye L, upande wa fyuzi, bluu kwenye N, kijani na njano kwenye pini ndefu. Uzi wa ethi uuache mrefu kuliko wenzake, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Kishikizo kibane ganda la nje, kisibane nyuzi za ndani.

Waya unaoutupa usiutupe mzima, kuna atakayeuokota. Ukate karibu na plagi na karibu na kichwa. Kisha plagi iliyokatwa itoe fyuzi na uipinde pini kwa koleo kabla ya kuitupa, maana mtoto akiichomeka soketini na nyuzi zile zilizobaki wazi, kifuniko cha plagi hakitamkinga na kitu.